Jiwe Tupu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Gwarama, kulikuwa na kosa moja lililoogopwa kuliko kuunguza chakula: kusaga jiwe tupu. Ulezi ukiisha juu ya jiwe nawe mikono ikaendelea, Bibi alisema, unawasagia wafu, na wakishiba watakuja kukuchukua wewe mwenyewe.

Dada yangu Veronika alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, mashine tuliyoahidiwa haijafika, tukawa tunasaga kwa zamu tangu alfajiri. Asubuhi moja nilimkuta Veronika akienda mbele na nyuma, macho wazi lakini hayaoni. Jiwe lilikuwa tupu. Nilijua kimempata nini, maana mimi pia kilinipata mara nyingi: sauti ya jiwe inakubembeleza, mgongo unaacha kuuma, unakuwa haupo. Ni raha, kusema kweli.

Lakini jana yake alikuwa ameniita mvivu mbele ya wenzangu.

"Bibi! Njoo umwone Vero, anasaga jiwe tupu!"

Nilitaka achekwe tu. Bibi hakucheka. Aliweka kigae cha makaa, akatupia pilipili, akamwinamisha Veronika juu yake na kumfunika blanketi, kisha akakanyaga pindo.

"Nani kakutuma? Mtaje!"

"Hakuna mtu, Bibi! Nimechoka tu!"

"Mchovu hulala, hasagi. Mtaje!"

Alikohoa mpaka akatapika. Kisha akalia, "Edina! Muulize Edina, naye humpata hivi hivi!"

Edina ni mimi. Bibi alinigeukia.

"Ati na wewe?"

Nililitazama blanketi. Lilikuwa moja, ila lingetutosha sote wawili.

"Mimi? Sijawahi, Bibi."

"Anamtaja aliye hai ili amfiche mfu," Bibi akasema, akaongeza pilipili. Veronika alijirusha atoke, akaangukia makaa kwa uso.

Jicho la kushoto halikupona. Siku hizi anauza dagaa sokoni Kasulu. Nikienda kumsalimia husogeza kigoda chake ili nikae upande wa jicho linaloona. Hajawahi kuniuliza.

Jioni nikichambua maharage, mara nyingi hujikuta sipo. Wanangu hunigusa bega: "Mama, umelala macho wazi?"

Ni uchovu tu, nawaambia. Maneno matatu. Niliyajua nikiwa na miaka tisa.