Kopo la Springi la Jotham Wekoye

Jotham Wekoye alimwoa Sellah mwaka 1974, na siku hiyohiyo mnyororo wa baiskeli ukakatika. Alikuwa amembeba bibi arusi kwenye keria, gauni limekunjwa lisiingie kwenye spoku, wakitoka kanisani kuelekea kwao Kibabii. Spea hakuwa nayo. Sellah alitembea maili nne kwa viatu vya kisigino, huku wasindikizaji wakiimba mbele bila habari kwamba anayeimbiwa yuko nyuma anachechemea. Siku hiyo Wekoye aliapa kwamba kitu chake hakitaharibika tena bila mwenzake kukaa tayari kando.

Aliitimiza ahadi hiyo hadi akachosha watu. Katika nyumba waliyohamia Matisi, mjini Kitale, palikuwa na taa mbili za chemni, jembe moja na mipini minne, na jozi mbili za miwani ingawa macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Baba Nanyama," Sellah alimwuliza siku moja, "na mimi spea yangu umeiweka wapi?"

Wekoye alijibu haraka kwamba kuna vitu ambavyo spea yake ndiyo huleta uharibifu. Jioni hiyo alipakuliwa nyama ya kutosha.

Kazi yake ilikuwa ufundi katika klabu ya kulenga shabaha. Klabu yenyewe ilikuwa na bastola moja tu ya mashindano, ya risasi ndogo, yenye mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja. Ilikuwa na pacha wake. Mzungu mmoja mkulima, alipokuwa akihama, aliwaachia watu wa Kitale moja na watu wa Bungoma nyingine. Vipuri vyake viliagizwa ng'ambo kwa barua, na jibu likija mapema lilichukua miezi minane.

Vipuri hivyo Wekoye aliviweka ndani ya kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, lile ambalo akina mama sokoni huliita gorogoro na kupimia mahindi. Sellah, ambaye aliuza mahindi, alilitamani sana kopo hilo, lakini hakuthubutu kuligusa. Ndani yake kila kitu kilifungwa kwenye karatasi yenye grisi na kuandikwa jina kwa penseli: pini, skrubu, springi kubwa, springi ndogo. Na palikuwa na sheria moja. Zamani, springi mbili zilitoweka zikaja kuonekana ndani ya redio ya mweka hazina, na tangu hapo Wekoye hakumpa mtu kipuri kipya kabla ya kukabidhiwa kile kilichoharibika. Hata mwenyekiti alirudishwa nyumbani siku moja akatafute skrubu kuukuu.

Balaa ni kwamba Wekoye aliitunza bastola ile mno. Kila Jumamosi aliifungua, akaipangusa, akaipaka mafuta, na kwa miaka minane hakikuvunjika chochote. Ndipo mwaka 1989 akaja katibu mpya, Kibiwott, mtu wa kuvaa tai hata akienda kupalilia.

"Sasa hii kopo ni ya nini?" aliuliza mkutanoni. "Miaka nane haijatoa kitu. Mwezi ujao tunaenda Bungoma kwa mashindano. Ikirudi kama haijatoa hata skrubu moja, basi, kopo iende na fundi apumzike. Andikeni hivyo."

Wakaandika. Wekoye akarudi nyumbani. Hakuogopa kukosa kazi tu. Alihisi kwamba miaka yake minane imeitwa upuuzi mbele ya watu. Na tazama alivyobanwa: ili kopo litoe kitu, ilibidi bastola ivunjike, na aliyeitumia mashindanoni alikuwa Cherono, karani wa ghala la mahindi, binti mtulivu aliyemwita Wekoye mzee na kumletea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kila Krismasi. Jumapili kanisani Wekoye alipiga magoti kuomba, akakwama. Mwishowe alimwomba Mungu amshindishe Cherono, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba, kama si taabu, kivunjike pia kitu kidogo tu.

Maombi yalijibiwa, ila anwani ilikosewa.

Mashindano yalifanyika Juni, kwenye uwanja nje ya Bungoma ambao mvua ilikuwa imeujaza nyasi hadi vifundoni. Cherono alipiga risasi zake zote bila hitilafu. Wakonyo, mwalimu mnene wa Bungoma, alibakiza tano, na katika hizo alihitaji pointi arobaini na nane kati ya hamsini ili amshinde. Alipojaribu kufyatua, bastola yake, ile pacha, ikagoma. Akaifungua pale mezani kwa pupa, na kitu kikaruka ting! kikapotelea nyasini.

"Springi ndogo imekatika," Wekoye alisema kabla ya kuulizwa. Aliijua kwa mlio.

Mwamuzi akatangaza kwamba Wakonyo ana dakika kumi na tano. Zikiisha, risasi zake tano zihesabiwe sufuri. Wakonyo akaja mbio, jasho likimtiririka.

"Mzee, nisaidie bana! Ati hapa Bungoma yote hakuna springi kama hiyo!"

Wekoye alihisi raha hadi akaona aibu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifuniko cha kopo Kibiwott alipomshika kiwiko.

"Usifungue hiyo kopo!"

"Lakini si ni wewe ulisema itoe kitu?"

"Sikusema itolee adui! Na sheria yako je? Wapi ya zamani? Mwambie alete ya zamani!"

Wekoye akautoa mkono kwenye kifuniko. Alikuwa amekamatwa na kamba aliyoisokota mwenyewe. Angeweza kuivunja sheria, lakini aliyemrudisha mwenyekiti nyumbani angeivunja kwa uso gani?

"Leta ya zamani," alimwambia Wakonyo.

Basi uwanja mzima ukapiga magoti. Walimu, mapasta, mama wa chai, mwamuzi na saa yake mkononi, wote wakachakura nyasi wakitafuta kitu chenye urefu wa punje ya mahindi. Kibiwott peke yake alisimama, akitazama mawingu. Zikapita dakika sita, zikapita nane.

Hapo Wekoye akaona kwamba Cherono naye hajainama. Alisimama kando ya meza, mguu wa kulia umekanyaga mahali pamoja bila kusogea. Macho yao yakakutana. Wekoye alielewa mara moja kilichokuwa chini ya kiatu kile, na moyo ukampasuka pande mbili. Angesema nini, na yeye mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya sheria?

Cherono akashusha pumzi, akainua mguu, akaokota.

"Hii hapa, mzee," alisema. "Sasa toa mpya."

Wekoye alifungua kopo. Springi ilikaa mahali pake zikiwa zimebaki dakika mbili. Wakonyo akapiga risasi tano, akapata arobaini na nane kamili, akashinda.

Mkutano ulipofika, Kibiwott alisimama na tai yake akadai kopo na fundi viende, kwa kuwa kopo halikuitolea klabu chochote. Cherono akaomba kitabu cha kumbukumbu, akasoma: likirudi kama halijatoa hata skrubu moja.

"Ilitoa," alisema. "Hapa hakujaandikwa ilitolea nani."

Kibiwott aligeuza kurasa mbele na nyuma, akakaa.

Wekoye alifika Matisi akiwa fundi bado, lakini uso umekunjamana. Aliketi mezani, akaiviringisha springi mbovu ya Wakonyo kwenye karatasi, akachungulia ndani ya kopo.

"Si umeshinda?" Sellah alimwuliza. "Nini tena?"

"Springi ndogo hakuna tena, Mama Nanyama. Cherono yuko bila spea."

Akavuta kalamu, akaandika barua ya ng'ambo akiomba springi moja. Halafu akafuta moja, akaandika mbili, na pembeni akaongeza kwa penseli majina: Cherono, Wakonyo.