Aliambiwa Ashike, Akasuka

Viti bado vimepinduliwa juu ya meza, lakini jikoni kazi imekwisha pamba moto. Mama Mpishi anabana kifuko cha unga uliokandwa, chenye nyama ndani, kwa vidole viwili na kukitupa kwenye sinia. Kabla hakijatulia, kingine kimekifuata. Pembeni yake, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cheupe ameinamia kifuko kimoja tu, ncha ya ulimi imemtoka, utadhani anamsuka bibi harusi.

Na kweli anasuka.

Huyu ndiye Mama Kaza. Kwa miaka kumi na minne alisimama nyuma ya vichwa vya watu saluni, na jina hilo alibandikwa na wateja, kwa sababu alikuwa akikaza nywele mpaka nyusi zinahamia kwenye paji la uso. Inasimuliwa kwamba mteja wake mmoja alilala macho wazi siku mbili. Wezi wakaingia, wakamkuta anawatazama, wakamwamkia na kuondoka zao.

"Uongo huo," anasema Mama Kaza huku akicheka. "Ilikuwa siku moja tu."

Kisha mawigi yakaja. "Watu wakaanza kununua vichwa vilivyokwisha kusukwa," anaeleza. "Mimi nikabaki namsuka yule mwanasesere wa dirishani. Namsuka, namfumua, namsuka tena. Mpaka akaanza kuota upara."

Ng'ambo ya barabara ulipofunguliwa mkahawa mpya wa vyakula vya kaskazini-mashariki mwa China, akavuka kwenda kuomba kazi ya kuosha mabakuli. Huko jikoni ndiko Mama Mpishi alikomkabidhi kiduara cha unga chenye nyama na kabichi iliyochachushwa ndani. Wenyewe huviita jiaozi. Wateja, kwa umbo lake, wanaviita masikio.

Mama Mpishi alitaka kusema "shika", yaani bana kingo. Lakini kwa lafudhi ya kwao China, "sh" humteleza ikawa "s", na "z" yetu nayo vivyo hivyo. Kilichotoka kilikuwa "sika", na sikio la msusi likasikia lililolizoea: suka.

"Nikajiuliza, unga nao unasukwa? Lakini bosi ni bosi. Nikasuka."

Mama Mpishi alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi. Alipomaliza kufuta machozi, akakitosa kifuko kile kwenye maji yanayotokota. Hakikupasuka. Tangu hapo vidole vya Mama Kaza vimegoma kubana. Akibana, sikio linafunguka sufuriani na kabichi inaogelea peke yake.

Taabu ni kwamba akisuka kimoja, mwenzake amebana sita. Na mume wa Mama Mpishi, anayeitwa na wote Mzee wa Kaunta, ana macho. Yeye humwita "Kasa". Hakuna ambaye amewahi kujua kama ni ulimi unamteleza au anamfananisha na mnyama mwenyewe.

"Kasa polepole sana," amemwambia asubuhi hii. "Leo mwisho. Kesho bana, au kesho nyumbani."

Nyumbani kuna watoto wawili wa sekondari, na mama yao ndiye baba yao.

Mchana, kama vile waliitwa, marafiki zake wa saluni wanaingia kula: mwenye saluni, anayejulikana kama Madamu, na mwenzake anayewapaka wateja rangi, yaani mpaka kucha.

"Hatukuja kula tu, tumekuja kukuchukua," Madamu anatangaza kabla hajaketi. "Msusi mzima unaosha mabakuli!"

"Mwenzetu, watu wanauliza kama umelishwa kitu," anaongeza mpaka kucha.

Wanaagiza sahani tano. Mama Kaza anawanong'oneza waagize mbili.

"Choyo hicho, shoga! Tunalipa wenyewe."

Kuku wa uyoga anakuja kwenye bakuli ambamo mtoto angeogeshwa akabakiwa na nafasi ya kucheza. Viazi na biringanya vinabebwa na watu wawili, kama kabati.

"Dada, hii ni yetu au ya mtaa?" mpaka kucha anauliza.

Mama Mpishi, kutoka dirisha la jiko, anaapa kwamba kwao baridi ni kali kiasi kwamba mtu akitema mate yanadondoka kokoto, kwa hiyo mgeni hapewi chakula cha kumfikisha mlangoni tu.

Kisha linakuja sinia la masikio, likifuka mvuke. Madamu anainua moja kwa uma. Analigeuza. Analigeuza tena.

"Kaza."

"Abee."

"Huu si mkono wako? Hii si twende kilioni?" Anautaja msuko ule wa mistari inayokwenda moja kwa moja kisogoni. "Hapa mwanzoni ndipo ulipokuwa ukikaza, watu wakaita mama zao."

Analing'ata. Mchuzi unaruka mpaka kwenye blauzi ya mpaka kucha.

"Yarabi! Mchuzi wote ulikuwa humu ndani?"

Madamu anakula la pili, la tatu. Hatimaye anaweka uma chini. "Na mimi nilikuja kukurudisha kwa mwanasesere mwenye upara."

Meza ya pili, dereva wa teksi ananyoosha shingo. "Samahani, mbona yetu hayajasukwa? Au mmetuona vipara?"

Hapo ukumbi mzima unageuka. Kila meza inataka masikio yaliyosukwa. Mzee wa Kaunta anautazama ukumbi, anamtazama Kasa wake.

"Watu wengi," analalamika. "Mikono hakuna."

"Mikono?" Madamu anajifuta mdomo. "Saluni kwangu wako wawili, kutwa wanapigana na nzi. Tunaongea?"

Mama Mpishi anamwambia mumewe maneno marefu ya Kichina. Hayatafsiriwi, ila mzee anachukua chaki na kuandika ubaoni, polepole kuliko kasa yeyote: MASIKIO YA KUSUKA, AGIZA MAPEMA.

Sasa Mama Kaza anaota meza iwekwe dirishani, yeye na wasusi wale wawili, wapita njia wasimame kama walivyosimama zamani saluni. "Na kubana nitajifunza," anasema. "Siwezi kuwa wa mtindo mmoja."

Ukumbi umetulia. Mama Mpishi anavua kofia yake ya jikoni. Nywele za mvi zinamwagika mabegani. Anaketi juu ya gunia la viazi, akimpa Mama Kaza mgongo.

"Kasa. Sika."

"Mama, nishike au nisuke?"

Mama Mpishi anauweka ulimi sawa, kwa uangalifu wa mtu anayevuka ubao mwembamba.

"Suka," anasema. Kisha, haraka haraka: "Lakini usikase!"