Niliandika Kwamba Bibi Esteri Ameanguka

Nakumbuka siku moja ya mgao wa chakula, mwanangu, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka Kagunga kwa mitumbwi na kuletwa kwenye kambi za huku kwetu Kigoma. Nilikuwa karani wa kambi, kijana mwenye hati nzuri, na kwa hiyo nilidhani naijua kazi.

Kwa miezi mitatu kadi ya mgao ya Bibi Esteri ilikuwa ikiletwa na mjukuu wake, Yoweri. Siku hiyo nikaenda kumtazama bibi mwenyewe. Nilimkuta mkekani, amekonda, mkono una michubuko. Yoweri alisimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Chakula unapata?"

"Ni amahoro, mwana wanje," akajibu kwa Kirundi, yaani ni amani tu, mwanangu.

"Na mkono?"

"Ameanguka," Yoweri akadakia. "Wazee hawa, karani, ukigeuka tu yuko chini!"

Nikacheka naye. Nikaandika: ameanguka, hana malalamiko.

Muuguzi wetu, Mama Tatu, Muha wa Ilagala, aliisoma fomu ile.

"Ulimuuliza nani?"

"Bibi."

"Mjukuu alikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Basi ulimuuliza mjukuu. Wewe unarudi ofisini, bibi anabaki naye. Ulitaka aseme nini?"



Kesho yake Mama Tatu alimwita bibi zahanati kupimwa macho. Huko ndugu husubiri nje. Alizungumza naye Kiha, ambacho Warundi wanakielewa. Hakumuuliza kama anateswa. Alimuuliza jana alikula nini, kadi anashika nani, na alipoanguka nani alikuwepo. Baadaye, kwa ruhusa ya bibi, akanieleza: unga ulikuwa ukibadilishwa kwa pombe, na bibi akidai, anavutwa mkono na kufungiwa ndani.

"Lakini msimpeleke jela," bibi alimwambia Mama Tatu. "Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi."

Mimi nilitaka polisi saa ile ile. Mama Tatu alimuuliza bibi anataka nini. Alitaka kadi yake, na kuhamia kwa jirani yake Goreti. Jioni hiyo alihama, kadi mkononi, mbele ya viongozi wa kambi, na Yoweri akaambiwa wazi kwamba akimgusa tena ni polisi. Tangu hapo alimtembelea mchana tu, Goreti akiwepo. Bibi akaanza kunenepa.

Mwanangu, ukiona mzee anasemewa kila kitu, au anakonda katika nyumba inayokula, usiridhike na salamu. Tafuta namna ya kukaa naye peke yake, umuulize mambo madogo, umwamini. Wema aliotendewa jana hauhalalishi anachotendewa leo. Msikilize anataka nini kabla ya kumwamulia. Ila uhai wake ukiwa hatarini usingoje, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ustawi wa jamii au polisi, na usiende peke yako.

Mungu akupe umri mrefu, na nyumba ambamo utazeeka bila kumwogopa mtu.