Upande wa Dada kwenye Sinia

Nilikwenda Dubai kuuliza swali moja. Rukia, kitinda mimba wetu, anaolewa, na Mama alitaka kujua kama dada yetu mkubwa, Mwanaharusi, atakuja. Ni miaka sita hajafika nyumbani. Kila akiulizwa kwenye simu hujibu "inshallah", kisha huuliza habari za kuku. Kaka Athmani akanikatia tiketi. "Wewe umemaliza chuo na kazi bado," alisema. "Nenda ukalete jibu."

Tumezaliwa tisa, mimi ni wa nane. Safari hii nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Nyumba yetu ya Malindi ilikuwa na raha tele, lakini raha ile ilikuwa na mfanyakazi. Dada ndiye aliyetuogesha kwa zamu, akatutoa funza, akatukusanya kwa majirani magharibi ikiingia. Je, kama alituchoka?

Mombasa, asubuhi. Nilitazama pasipoti mara nne kabla ya kupanda ndege. Angani nilitunga namna ya kumwuliza. "Dada, tulikukosea?" niliiona kali. "Dada, unatukumbuka?" niliiona ya kipuuzi. Tulitua sijapata ya tatu.

Alasiri, Dubai. Dada alinisubiri akiwa bado na sare ya hoteli ya Al Rigga anakosafisha vyumba. Alinivuta sikio kwanza, ndipo akanikumbatia. "Bakari! Huko chuoni hakukuwa na wali?"

Tulipanda metro hadi Al Qusais, kwenye chumba anachokaa na Wanjiru, mlinzi wa duka, mwenyeji wa Nyeri. Wanjiru alinitazama juu hadi chini. "Ni huyu? Ule aliogopa mwezi utaangukia choo chenu?"

"Ndiye," Dada alisema kwa fahari.

Siku ya pili, mchana. Dada alikuwa na mapumziko, akapika pilau, akaipakua kwenye sinia moja, tukakaa chini watatu. Kwetu sinia lilikuwa na sheria. Kila mtoto alikuwa na upande wake, na ukivuka mpaka unafinywa. Nyama ilikaa katikati, haiguswi mpaka Dada aigawe. Mgawaji huchukua wa mwisho, na miaka yote yeye aliishia na mfupa wa shingo.

Nikamwona ananyoosha mkono kwenye shingo. Nilichukua pande nono, nikaliweka upande wake. "Kula wewe, Dada. Ulikula mifupa kwa ajili yetu."

Wanjiru aliacha kutafuna. Dada alinikazia macho, kisha akacheka hadi akafuta machozi kwa mtandio. "Wee Bakari! Na maini mlidhani yanakwenda wapi?"

"Maini gani?"

"Si hayo! Nilikuwa nayafukia chini ya wali, upande wangu, kabla sijawaita. Mfupa ulikuwa wa kuwaziba macho."

"Uliiba miaka yote?"

"Hata Ramadhani, Mola anisamehe."

Nilijisikia mwepesi sana hata swali likanitoka lenyewe. "Basi mbona huji nyumbani?"

Alikusanya punje za wali kwa kidole. "Mara ya mwisho nilipokuja, mlinipa chakula wapi?"

Nikakumbuka. Tulimwekea meza, kiti, sahani ya maua ya peke yake, uma na soda. Uma niliufuta mimi. Sisi wengine tulizunguka sinia mkekani kama kawaida.

"Nyinyi mnafinyana na kucheka huko chini," alisema, "mimi niko juu na uma kama mkaguzi wa shule. Nikajua, khalas, basi tena, nimekuwa mgeni kwetu."

"Tulikuwa tunakuheshimu, Dada."

"Najua. Ndiyo maana nikanyamaza. Utawasuta vipi watu kwa kukuheshimu?"

Mimi ninayewaza kila kitu, hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Siku ya nne, uwanja wa ndege. Nilimwuliza nimwambie nini Mama. "Mwambie nimesikia," alisema, akanitengeneza kola. Nilirudi bila jibu.

Malindi, jioni ile ile. Walinisubiri wote. Nilianza na habari ya meza. Mama akasema polepole, "Sahani ile niliiazima mimi." Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilipofika kwenye maini, Athmani aliruka.

"Maini yetu? Nipe simu!" Dada alipopokea hakusalimiwa. "Mwizi wee! Miaka yote unatulisha wali mtupu!"

"Na yangu!" Rukia alipiga kelele.

"Wewe hata meno hukuwa nayo!" Dada alijibu, na nyumba nzima ikamzomea kwa pamoja.

Mama aliinyakua simu. "Mwanaharusi, kesi yako inasikilizwa hapa. Njoo ujibu mwenyewe. Na ukija, hakuna kiti."

Upande wa pili kicheko kilikatika. Tulimsikia akivuta pumzi. "Kesho naomba likizo, Mama," alisema. "Mwambie Athmani asogee, anakalia upande wangu."

Nilikwenda nikiogopa kwamba tulimchosha kwa kumtegemea. Kumbe kilichomweka mbali ni siku ile tuliyoacha kumfinya.