Buli la Ndege Watatu

Pale Wema, kando ya Mto Tana, ukimkuta Hulda amekaa kitako mchana ujue anaumwa. Mwanamke yule hakuumbiwa kutulia. Chakula alikila amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho mtoni. Kanisani aliinuka mara mbili kabla ya sala ya mwisho, mara ya kwanza kufunga dirisha, mara ya pili kulifungua dirisha lile lile. Mumewe Buya, mtu mpole mwenye shamba la mpunga, aliwaambia wageni wasimjali. "Huyu ni wa Kau," alisema. "Watu wa Kau hulala jicho moja."

Na Buya hakukosea. Kau iko chini kabisa, karibu na mto unapoingia baharini, na kabla Hulda hajatimiza miaka kumi maji yalikuwa yameichukua nyumba ya baba yake mara tatu. Mara ya tatu alimwona kuku wao akielekea baharini amesimama juu ya mlango wa nyumba, kimya, kama abiria aliyelipa nauli. Tangu siku hiyo Hulda hakuamini kwamba kitu kikiwekwa mahali kitakaa hapo.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyekabidhiwa buli.

Lilikuwa buli la kauri nyeupe, tumbo la mviringo, mdomo mwembamba. Ubavuni walichorwa ndege watatu wenye vifua vyekundu, wametua juu ya tawi lisilo na jani hata moja, na tawi lenyewe limejaa kitu cheupe. Wanawake wa Wema walisema ni pamba. Mwenye buli, Mzungu muuguzi wa zahanati ya misheni ambaye watu wote walimwita Sista, aliwaeleza kuwa ni baridi iliyoganda ikaanguka kutoka mbinguni. Wakamwitikia kwa adabu, na walipofika nje wakakubaliana kwamba ni pamba.

Sista alisema kwao kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza buli moja jipya kila Krismasi, kila mwaka na ndege wake, na watu waliyakusanya. Mama yake alikuwa nayo tisa kwenye kabati la kioo. Vita vikaja, nyumba ikapigwa bomu, na katika yale tisa likabaki hili moja. Mama naye hakubaki.

Mwaka wa hamsini na tano Sista aliitwa kwao kumuuguza baba yake. Siku ya kuondoka alimwita Hulda, kwa sababu Hulda ndiye aliyekuwa akichemsha sindano pale zahanati, na kwa miaka sita haikupotea hata pini. Akampa buli. Kifuniko alikitia mfukoni mwake.

"Buli bila kifuniko hupoza chai," alisema, "na kifuniko bila buli hakina kazi. Kwa hiyo nitarudi. Nitunzie, Mama Lydia."

Hulda alilipokea kwa mikono miwili, na raha ikamtoka siku hiyo hiyo.

Kwanza alilificha chini ya kitanda. Akaona panya. Akalipandisha darini, akaota dari limeanguka. Akalifukia ndani ya ghala la mahindi, kisha akakumbuka kwamba mahindi huliwa. Lilikaa wiki moja katika kabati la kanisa, akaenda kulitoa kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa na mikono mikubwa. Krismasi ilipofika wanawake wenzake wakaomba wanywe chai humo, mara moja tu, sikukuu ni sikukuu. Hulda akawaonyesha kwa umbali wa hatua tatu, akalirudisha ndani. "Sista angejua amempa nani!" wakasema, na hawakusema kwa kunong'ona.

Nitasema kweli: mimi naona walikuwa na haki. Lakini hawakuwa wao walioshika amana.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwezi wa kumi wa hamsini na saba barua ikafika: Sista atakuja kula Krismasi Wema, anakuja na kifuniko. Hulda aliisoma amesimama, akaisoma tena akitembea. Alikuwa amebakiza miezi miwili tu aweze kupumua.

Mwezi wa kumi na moja mto ukajaa.

Haukuja kwa kishindo. Tana hupanda polepole kama mgeni anayejua atakaribishwa, shambani kwanza, kisha uani, kisha jikoni. Buya alikuwa akipandisha magunia ya mpunga juu ya dungu. Hulda hakugusa gunia hata moja. Alilifunga buli ndani ya kanga mbili, akaliweka kichwani, akaingia majini. Maji yalimfika magotini, halafu mapajani. Alikuwa akienda kwa Mumina.

Mumina alikuwa Mworma, mke wa mfugaji Huka, na kijiji chao kilikuwa uwandani, mahali pa juu ambapo mto haufiki, mwendo wa nusu siku. Kila kiangazi ng'ombe wa Huka waliteremka kunywa mtoni kupitia mpaka wa shamba la Buya, na kwa miaka kumi na miwili wanawake hawa wawili walikuwa wamepeana maziwa kwa mahindi, mpaka ikawa hakuna anayekumbuka nani anamdai nani. Sikukuu ya Idi, Hulda alipeleka ndizi. Krismasi, Mumina alileta maziwa ya chai. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ilikuwa mapajani.

"Mama Dukicha," Hulda alisema alipofika, nguo zinachuruzika, "hiki si changu. Kikipotea, mimi nimekwisha. Kitunze kama chombo cha mwanao."

Mumina alilipokea, akawatazama wale ndege kwa muda mrefu. "Kama chombo ya mtoto yangu," alisema. "Wewe enda, Mama Lydia. Lala."

Hulda hakulala. Wiki nne wakazi wa Wema waliishi juu ya kilima kidogo nyuma ya kanisa, na kwa wiki nne alizunguka kilima kile mpaka nyasi zikafa. Alichomeka kijiti ukingoni kupima maji, akakitazama asubuhi, adhuhuri na jioni, kana kwamba maji yanamwonea haya mtu akiyakodolea macho. Buya alimwomba akae. Akakaa, akainuka. Siku tano kabla ya Krismasi njia ikaonekana, tope tupu, na kabla jua halijawaka sawasawa alikwisha kuondoka.

Mumina alimwona kwa mbali akacheka. Aliingia ndani akatoka na kitu ambacho Hulda hakukijua: mfuko wa nyuzi zilizosukwa, imara, wenye mkanda wa ngozi na kauri ndogo za baharini zilizoshonwa pembeni, kama ule ambao Waorma huuvalisha chombo cha maziwa cha bibi harusi. Ndani yake lilikuwamo buli. Hulda akalitoa. Harufu ya moshi ikamjia usoni.

Kwa Waorma maziwa hayatiwi katika chombo kibichi. Mwanamke huchukua vijinga vya mti wenye harufu nzuri, huvitumbukiza ndani vikiwa vyekundu, hufunika, hutikisa, hufuta majivu. Hapo ndipo chombo huwa safi na maziwa hukaa. Na chombo cha mtoto hufukizwa kuliko vyote, kila siku, kwa sababu mtoto ni mtoto. Hulda aliyajua haya miaka kumi na miwili. Alikuwa ameyanywa maziwa yale, akaisifu harufu yake. Lakini siku ya mafuriko, maji mapajani, hayakumjia akilini.

Ndani ya buli weupe ulikuwa umekwisha, pamekuwa rangi ya tumbaku. Na toka ukingoni ulishuka ufa, mwembamba kama unywele, ukapita katikati ya shingo ya ndege wa pili.

"Siku ya kwanza ililia, tik," Mumina alieleza, bila wasiwasi. "Nikaziba na nta. Haivuji, nimejaribu. Kwetu chombo haina kiraka ni chombo haijanywesha mtu. Kila siku nimefukiza, Mama Lydia. Hata siku mimi nilikuwa na homa."

Hulda alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema maneno ambayo mtu huyasema mara moja tu. Aliutazama uso wa mwenzake, uliokonda kwa homa, uliokuwa ukingoja kusifiwa, akalirudisha buli mfukoni. "Asante," alisema. Mumina akamletea kibuyu cha maziwa, kama siku zote, kwa msafiri aliyetoka mbali.

"Sina kiu," Hulda akasema, na akaondoka.

Msomaji asiyeijua nchi ile hataona kitu hapo. Kukataa maziwa ya mtu mlangoni kwake! Afadhali umtukane, tusi hujibiwa. Mumina alibaki amesimama na kibuyu mkononi.

Njia nzima Hulda alikwenda mbio kana kwamba ameiba. Nyumbani Buya alilizungusha buli, akalinusa, akakuna kichwa. "Sema mto ndio uliolivunja," alishauri. "Mto hauna ndugu wa kuutetea." Wanawake wa kanisani nao, ambao huwezi kuwaficha kitu, walikuwa na shauri jepesi zaidi: aseme ukweli, kwamba aliyeliharibu ni yule Mworma. Hulda alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Kila shauri lilimwasha mwilini. La mto lilikuwa uongo, na la pili lilikuwa kweli, lakini akilitamka kichwani alimwona Mumina na kibuyu chake.

Sista aliwasili mkesha wa Krismasi. Lori lilimfikisha Garsen, akavuka kwa pantoni, akamalizia kwa mtumbwi, viatu mkononi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka miwili. Asubuhi baada ya ibada watu walijazana nyumbani kwa Buya, mgeni njoo mwenyeji apone, na wali ulikuwapo, na kuku, na sukari. Maziwa hayakuwapo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili Mumina hakuja, na kila aliyeingia aliuliza, "Maziwa yako wapi?" Hulda alijibu kila mmoja kwa kutoka nje kutazama njia. Njia ilikuwa tupu.

Sista alitia mkono mkobani akatoa soksi, na ndani ya soksi kifuniko, cheupe kama siku ile. "Haya, Mama Lydia," alisema.

Hulda alilileta buli katika ule mfuko wa nyuzi.

"Sista, limepasuka," alisema. "Mto ulijaa, nikalipeleka kwa rafiki yangu Mumina. Nilimwambia alitunze kama chombo cha mwanawe. Akafanya kama nilivyomwambia. Alilifukiza kila siku, hata alipokuwa na homa. Kosa ni la mdomo wangu. Naye alinipa maziwa, nikayakataa, ndiyo maana leo hamna maziwa."

Sista aliingiza kidole ndani ya buli, akafuata ule ufa, akafika kwenye shingo ya ndege. Akanusa. Machozi yakamshuka, na Hulda akatamani mto urudi umchukue juu ya mlango, kama yule kuku wa Kau.

"Mimina chai," Sista akasema.

Hulda akamimina, mkandaa mweusi, chai isiyo na maziwa. Ilikuwa na harufu ya moshi, mpaka waliokaa mlangoni waliinusa. Sista alikunywa kikombe kizima, kisha akaomba cha pili.

"Mama yangu hakuwahi kunywa humu," alisema. "Wala katika lolote la yale tisa. Kila Krismasi aliyashusha, akayafuta vumbi, akayarudisha. Mimi nilikuwa mtoto, nilitamani, nikapigwa kibao." Akacheka na huku analia. "Likae kwako. Na kifuniko chake. Mimi sitaki tena kufuta vumbi."

Wanawake wale wakanywa wote, zamu kwa zamu, mpaka majani yakachujuka yakawa hayana rangi. Ungedhani Hulda sasa angelala. Wapi! Wageni walipotawanyika alikuwa tayari anatazama dari, anatazama chini ya kitanda. Jana alikuwa na kitu kimoja cha kuficha, leo ana viwili, tena vyake.

Kesho yake asubuhi Buya aliamka akamkosa. Buli lilikuwa mezani, wazi, mahali ambapo hata kuku angeweza kulifikia. Kifuniko hakikuwapo.

Hulda alimkuta Mumina akikamua. Mumina hakugeuka. Hulda alisimama nyuma ya ng'ombe, matope mpaka magotini, akasema kila kitu, mambo ya ufa na ya Sista na ya mkandaa, na mwisho akasema, "Nilikukosea, Mama Dukicha. Nina kiu. Nina kiu tangu siku ile." Kisha akanyoosha mkono wenye kifuniko. "Hiki kikae kwako. Buli liko kwangu. Krismasi utakileta, pamoja na maziwa."

Mumina alikigeuza kifuniko. "Nifukize?"

"Usikifukize!" Hulda alipiga ukelele, na ng'ombe akaruka, na wote wawili wakacheka mpaka maziwa yakataka kumwagika.

Mumina akajaza kibuyu. Hulda akakipokea, akatafuta mahali, akajishusha taratibu mpaka mchangani, akanyoosha miguu yake. Alikunywa akiwa ameketi, funda kwa funda, bila kutazama njia.

Mumina alimtazama, na hofu ikamwingia. Akaweka kifuniko chini, akamgusa paji la uso.

"Mama Lydia," alisema, "wewe naumwa?"