Akumu na Neno la Kikonwoli

Mara ya kwanza Akumu alipoingia dukani kwa Umulkheir alitaka kukodi spika mbili za arusi ya binamu yake, na kwa robo saa nzima wakavutana kama watu wanaogawana shamba la urithi. Umulkheir alikuwa mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda na nguo kutoka pwani, wakakaa Old Kampala wasirudi tena. Yeye mwenyewe hakurithi kitu. Alianza na spika moja ya kuazima, na sasa alikuwa na duka, na nyuma ya duka chumba kilichobandikwa magodoro ukutani alichokiita studio. Si mtu wa kutikiswa kwa maneno matamu.

Ila Akumu aliomba kwanza ajaribu maiki. Watu wote wakijaribu maiki husema moja mbili, moja mbili. Huyu aliimba ubeti wa kanisani, polepole, kichwa kakiinamisha kusikiliza kama spika inakwaruza. Umulkheir akashusha bei bila kuombwa tena. Rayyan, mpwa wake aliyekuwa kaunta, alimtazama shangazi yake, akaiandika bei mpya. Alijua kwamba punguzo la Umulkheir lina ndoano ndani.

Kabla spika hazijarudi, Umulkheir alikwisha kumjua mteja wake. Baba yake, Odur, alikuwa sajini wa polisi, Mlango, yaani mtu wa kabila la Walango wa kule kaskazini. Mama yake Muganda wa Nateete. Akumu alizaliwa kambini Naguru, na baba alipohamishwa, mama akawarudisha watoto kwao Nateete, akauza nyanya sokoni. Hivyo Kiswahili cha Akumu kilikuwa cha kambi kwa maneno na cha Buganda kwa ulimi: habari kwake ni habali, pilau ni pirau. Siku za kazi alishona sare za shule, Jumapili aliimba kwaya. Alikwisha kuimba nyuma ya wanamuziki saba waliotoa nyimbo, na hakuna hata mmoja aliyemwandika jina.

"Sauti yangu inajulikana, Hajati," alisema. "Mwenyewe ndiye sijulikani."

Umulkheir aliliweka neno hilo akilini kama mtu anavyoweka kipande cha waya, kwamba huenda kikafaa.

Kikafaa miezi mitatu baadaye. Mwanamuziki mmoja mwanamke wa Konwoli, kona ya kusini-magharibi ya Uingereza, aliwahi kuja Kampala kwenye arusi ya rafiki yake, na spika za arusi zilikuwa za Umulkheir. Aliondoka na namba yake ya simu. Sasa alikuwa anatengeneza albamu ya muziki wa kisasa, wa kuchezeka, yote kwa Kikonwoli, lugha ya mababu zake iliyonyamaza zaidi ya karne moja kisha watu wakaifufua kutoka vitabuni. Alitaka nyimbo nne ziwe na sauti ya Kampala.

Umulkheir alijiandaa kwa mvutano mrefu wa malipo. Akumu akakubali bei ya kwanza, na sharti lake likawa moja tu: jina lake liandikwe kwenye jalada, peke yake, kwenye mstari wake. Umulkheir alitoka pale akijiona kamshinda. Jina ni wino, na wino si wake.

Maneno yalitumwa yameandikwa jinsi yanavyotamkwa. Akumu aliyabandika ukutani juu ya godoro, akayaimba kama anayajua tangu utotoni. Nyimbo zikaenda Konwoli. Baada ya siku nne ukaja ujumbe wa sauti, wa adabu sana: tatu ni nzuri mno, ila ya nne ina tatizo. Kiitikio chake kinarudia neno kara, yaani kupenda. Akumu aliimba kala.

Umulkheir akapiga simu kuuliza kala ni nini. Akaambiwa ni nyasi kavu, zile za kulalia mifugo. Kwa hiyo mwimbaji, kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo, alikuwa akisema hataki kitu duniani ila nyasi kavu.

"Kama ng'ombe," alisema Rayyan.

Umulkheir hakucheka. Alimwambia yule mwanamke kwamba, kwa heshima yote, lugha yenyewe ni ya watu wachache, nani atagundua? Akajibiwa kwamba kwa kuwa ni wachache, watagundua wote. Mwanamuziki alihitaji wimbo kufikia Ijumaa, la sivyo atamtafuta mwimbaji mwingine.

Njia fupi ilikuwa Rayyan, ambaye r yake ilinyooshwa madrasa kwa miaka mingi. Umulkheir akamwita Akumu na kumpangia: Rayyan ataimba neno lile moja tu, yeye aimbe mengine.

"Na jina?" Akumu akauliza.

"Lako na la Rayyan. Mtu na mwenzake."

"Basi toa sauti yangu, Hajati. Nyimbo zote nne."

"Kwa neno moja? Hebu usiniletee ukorofi wa kambini."

"Mimi mtoto wa serikali. Kalatasi najua kusoma. Tuliandikiana jina moja."

 Sikio la Umulkheir limezoea kusikiliza muuzaji anapojikwaa, na hapa kitu kilijikwaa. Serikali ilitoka na r safi. Karatasi haikutoka nayo. Akamwambia aseme dirisha. Ikawa dirisha. Barabara? Balabala. Hirizi ikatoka sawasawa.

Ulimi ule ulikuwa na r, tena nzuri. Tatizo ni kwamba ilitoka ikitanguliwa na i au e tu, kama Waganda wote wanavyotamka. Ikitanguliwa na a, ulimi unajiwekea l bila kumuuliza mwenyewe.

Hakumwambia papo hapo. Kwanza alimfunga: nikikuonyesha njia, hutoi sauti yako. Akumu akakubali, jina likibaki peke yake. Rayyan akarudi kaunta.

"Sema Kira, ule mji," Umulkheir akaanza.

"Kira."

"Itangulize ka. Ka-ira."

"Kaira."

"Sasa hiyo i imeze. Usiitoe, imeze."

Ilichukua siku tatu. Akumu alishona sare akimeza i, akapika akimeza i. Alhamisi mchana aliingia chumba cha magodoro akaimba kara, kara, kara, na Umulkheir, aliyekaa na vidole kwenye vitufe tayari kusimamisha kurekodi, hakusimamisha. Konwoli wakapokea bila neno la kusahihisha.

Albamu ilitoka mwaka uliopita. Walitumiwa nakala mbili. Ndani ya kijitabu chake Akumu ana mstari wake. Studio ya Umulkheir iko chini, kwa herufi ndogo. Waliopenda sauti ile walisoma jina lililo juu, wakalitafuta kwenye mitandao, wakamwandikia mwenyewe. Kazi mbili zimeshapita hivyo, na dukani hazikufika. Akumu bado hurudi kurekodi kwa Umulkheir bei ikimfaa, na siku hizi kupatana naye ni kazi. Umulkheir alilipwa kama walivyopatana, shilingi haikupungua, ila mwimbaji aliyempata kwa ndoano alijinasua kwa wino ule ule Umulkheir alioutoa bure. Ameshabadilisha karatasi zake za mapatano. Jina sasa lina bei.

Akumu naye hakupata bila kutoa. R iliyoingia haikubaki kwenye wimbo, imeenea. Anasema habari, barabara, karatasi, na akina mama wa soko la Nateete waliomlea wanamsikia kama Mkenya aliyeshuka jana. Wanamtajia bei ya wageni. Mama yake anamwambia aongee kama mtu, naye anajaribu, lakini ulimi umekwisha kukata shauri. Siku hizi akitaka nyanya, humtuma mama yake akamnunulie.