Mchezaji Asiyenyang'anywa Mpira

Mwalimu wa michezo alikuwa mfupi, mnene kiasi, na suti yake ya michezo ilikuwa ya kijani yenye mistari. Watoto hawana dogo: walimwita Mwalimu Tikiti. Mara ya kwanza kulisikia jina hilo alikasirika. Mara ya pili alijitazama kwenye kioo cha ofisi ya walimu, akaona kweli watoto wana macho, akalipokea.

Wapo wanaodhani kazi ya mwalimu wa michezo ni kupuliza filimbi na kukaa kivulini. Huyu alikuwa hakai. Mwaka ule alileta shuleni mchezo mpya unaoitwa floboli: magongo mepesi ya plastiki, kijipira chenye matundu, na timu mbili kukimbizana ndani ya ukumbi. Magoli aliyaunda kwa mabenchi yaliyolazwa ubavu. Fulana za timu alishonewa na mkewe, fundi cherehani, kwa mabaki ya mapazia, kwa hiyo timu moja ilicheza na maua mgongoni na wala haikuona haya. Alichokipenda katika mchezo huo ni kwamba hauchagui mtu. Mnene anacheza, mwembamba anacheza, na asiyeona vizuri huwekewa mpira ndani ya mfuko wa nailoni ili ausikie unavyochakarika.

"Kwenye kipindi changu," alipenda kusema, "hakuna mtu wa kulinda masweta."

Mlinzi wa masweta wa miaka yote alikuwa mpwa wake mwenyewe, binti wa dada yake, aliyeishi kwake na kusoma darasa la sita. Alitumia kiti cha magurudumu. Miguu yake haikumbeba, ila mdomo ulikimbia kwa niaba ya viungo vyote. Siku dada mtu alipomleta, alisema neno moja tu: "Kaka, huyu ni yai. Niangalizie."

Basi Mwalimu Tikiti, aliyemwogopa dada yake kuliko mkaguzi wa shule, akatunga sheria mbili. Ya kwanza: alichora duara la chaki karibu na goli, mpwa wake akae humo, na mtu mwingine asilikanyage. Ya pili: goli la timu yake lisihesabiwe mpaka mpira upitie kwake. Jioni ile alimsimulia mkewe uungwana wa sheria hizo mpaka chai ikapoa.

Ikawa hivi: wenzake wanakuja mbio, wanampa mpira, anawarudishia, wanaondoka. Ungesema wamefuata muhuri posta.

Siku moja mpira ulipomfikia, hakuurudisha. Aliubana kwa gurudumu, akalaza gongo mapajani, akatoa chungwa mfukoni na kuanza kulimenya polepole, kama mtu aliye kwao. Darasa zima likaja kusimama ukingoni mwa chaki.

"Toa mpira basi!" timu yake ikambembeleza.

"Sina haraka."

Kwa wapinzani kulikuwa na msichana mmoja mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na mkali, waliyemwita Pilipili. Alisogea mpaka ncha za raba zake zikagusa chaki.

"Ingia uchukue," mpwa akamwambia, akitemea mbegu kiganjani.

"Mwalimu kakataza."

"Basi nisubiri nimalize."

Kengele ilipolia, chungwa lilikuwa limekwisha na mpira ulikuwa bado palepale.

Nyumbani jioni, mke wa mwalimu alikuwa akipinda sketi na mpwa akiosha vyombo. Mwalimu alikuwa amevimba.

"Umeniaibisha mbele ya darasa."

"Nisamehe kwa chungwa, Mjomba. Lakini kuanzia kesho narudi kwa masweta yangu. Yale angalau hayanionei huruma."

"Kwani nani kakudharau?"

"Hakuna. Ndiyo shida yenyewe. Nimekaa na mpira nikala chungwa zima, na hakuna hata mmoja aliyeninyang'anya. Mchezaji gani huyo?" Akageukia sufuria, akaisugua kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Mke wa mwalimu alikata uzi kwa meno. "Hapa anaosha vyombo, na akivunja anasemwa. Wewe huko umemweka kama kikombe cha wageni."

"Na akianguka? Nitamwambia nini mama yake?"

"Utamwambia nilianguka nikicheza," mpwa akajibu.

Jibu hilo lilimuuma mwalimu, kwa sababu alimpenda mtoto yule kama wake wa kumzaa, na alikuwa ameamini kwamba hivyo ndivyo anavyotunzwa mtu anayependwa.

Kesho yake alipiga magoti na kitambaa kibichi, akafuta duara mbele ya darasa. "Mwalimu, pale umeacha," wakamwelekeza kwa furaha. Kisha akawaambia sheria zitungwe upya na wote. Wakakubaliana kwamba gurudumu ni mguu, gongo lisipande juu ya goti, na goli ni goli.

"Na yeye tunaruhusiwa kumnyang'anya?" mmoja akauliza.

"Muulizeni mwenyewe, ana mdomo."

"Jaribuni," akasema mpwa.

Hakuna aliyejaribu. Alipopata mpira na kusonga nao, wapinzani walimpisha kama bibi harusi. Mwalimu akamwona anapunguza mwendo, uso unaanza kuzima, akajua kuwa kesho hatamwona tena ukumbini. Hapo ndipo Pilipili alipochomoka. Chap! Gongo likapita, mpira ukaondoka.

Wachezaji wote wakaganda. Hata Pilipili mwenyewe alisimama kwa woga.

"Mwizi mkubwa wewe!" mpwa akapiga kelele, akageuza kiti na kumfuata. Kiti kikagonga benchi, kikainuka upande mmoja. Mwalimu Tikiti akafumba macho, na humo gizani akamwona dada yake, waziwazi. Alipofumbua, kiti kilikuwa kimeshatua, na mpwa wake alikuwa akilikata gongo la Pilipili kama anayepasua kuni.

Lilikuwa kosa, na kila mtu aliliona. Watoto wakamgeukia mwalimu. Mpwa wake hakuwahi kuadhibiwa shuleni hata siku moja: akichelewa, pole, asipofanya hesabu, pole. Mwalimu akapuliza filimbi.

"Kupiga gongo la mwenzako. Dakika mbili nje!"

"Mimi? Hukuona alivyonibana? Nimeonewa!"

"Endelea kubisha zifike nne."

Akatoka huku akinung'unika, akajipanga kando ya wachezaji wa akiba, na akawaambia kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mmeona? Kanitoa nje! Mjomba wangu wa damu, kanitoa nje!" Alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Mara akakumbuka.

"Mwalimu! Saa yako imesimama? Nirudishe, nina kazi na Pilipili!"